Mjomba, Wifi na Turubai la Bluu

Mama Kesho hakuzaliwa na jina hilo, wala hana mtoto anayeitwa Kesho. Jina alibandikwa na wateja. Ukiingia studio kwake kuulizia picha zako, atainua macho kutoka kwenye kompyuta, akutazame kwa huruma ya kweli kabisa, kisha aseme, "Kesho, mpenzi. Kesho bila wasiwasi." Ukirudi kesho, unakuta kesho nyingine imekaa inakusubiri.

Mtu asidhani ni mvivu. Akishakaa kitini asubuhi hanyanyuki mpaka mgongo umwombe msamaha. Shida yake ni moja tu: hakubali picha itoke mkononi mwake kabla hajaipitia mwenyewe, uso kwa uso, kivuli kwa kivuli. Huyu aangazwe kidogo chini ya macho. Yule paji la uso linang'aa kama sufuria mpya, lipoozwe. Kola ya huyu imeingia unjano, irudi nyeupe. Akimaliza picha moja anaegemea nyuma, anainamisha kichwa upande kama kuku anayesikiliza, anatabasamu, halafu anafungua ya pili na kuanza upya kana kwamba hajawahi kuona picha tangu azaliwe.

Tabia hiyo ameitoa mbali. Ujanani alikuwa akibeba taa za mpiga picha wa mtaani kwao, enzi za filamu, na kazi ya kwanza aliyoaminiwa ilikuwa kurekebisha nyuso kwenye negativu, ile filamu iliyosafishwa, kwa penseli iliyochongwa mpaka ikawa kama sindano. Mkono ukitetemeka, uso wa mtu umeharibika, na mtu mwenyewe atakuja kuuliza. Filamu zikaondoka, penseli ikaondoka, kompyuta ikaja. Yeye akaikalia na mkono ule ule.

Studio yenyewe ni chumba kimoja chenye pazia la kijani kwa nyuma, kiti cha kuzunguka kilichogoma kuzunguka, na kioo cha wateja kujitazamia, pembeni yake chanuo limefungwa kwa kamba lisije likaondoka na mtu. Kaunta anaishika wifi yake, dada wa mumewe. Wifi anapokea wateja, anachapa picha, anazikata kingo, na kuongea anaongea kwa niaba ya wote wawili, maana Mama Kesho akiwa kazini kumtoa neno ni kama kung'oa jino.

Ndivyo walivyokuwa siku aliyoingia mkuu wa chuo cha wauguzi.

Chuo hicho kiko barabara ya juu, na kwa miaka mingi ndicho kilichoufanya mlango wa studio uendelee kufunguliwa. Picha za vitambulisho, picha za fomu za mitihani, picha za mahafali, zote zilikuja pale. Ukikitoa chuo, studio inabaki na picha za pasipoti na watoto wachanga wanaolia.

Mkuu hakukaa. Alisimama mkoba ukiwa kwapani.

"Mama, sikuja kugombana. Picha zako nzuri, hilo hakuna anayebisha. Lakini mwaka jana wazazi walitoka mbali, wakakaa juani, wakapiga vigelegele, wakapanda mabasi mikono mitupu. Picha zinakuja, wanangu wameshatawanyika makazini. Kuna baba mmoja mpaka leo ananipigia simu."

"Tunamjua," wifi akadakia. "Na hapa anapiga."

"Sasa mwaka huu nataka kila mzazi aondoke na picha ya mtoto wake akikabidhiwa cheti. Mkononi, kabla basi halijang'oa gurudumu. Ukiweza, chuo ni chako na hatutasumbuana tena. Usipoweza, nitachukua mtu mwingine kwa kazi zetu zote, na tukikutana njiani tafadhali usininunie."

Akaaga kwa adabu, akatoka. Mama Kesho akabaki ameshika kipanya cha kompyuta kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

Wifi akavuta stuli. "Kwa mwendo wako huu, wifi yangu, hao wauguzi watastaafu wewe uko safu ya pili."

"Niache nifikirie."

"Fikiria, lakini na mimi nifikirie. Wenzako wote wanatumia priseti." Akaeleza kwa mikono, kama anapika. "Unaitengeneza picha moja vizuri. Unaiambia kompyuta ikumbuke ulichokifanya, mwanga kiasi gani, kivuli kiasi gani, rangi kiasi gani. Inahifadhi. Halafu picha zinazofuata unazibonyezea, pah! Zote zinafuata mkumbo."

"Na nyuso zote zinakuwa sawasawa kama sahani za hotelini."

"Jaribu kwanza, matusi baadaye."

Wifi alikuwa ameshapakua fungu zima la priseti za bure kutoka mtandaoni, zina majina kama ya manukato: Jioni ya Dhahabu, Asali ya Asubuhi, Ndoto Laini. Wakafungua jalada la picha alizopigwa mjomba wa Mama Kesho, kaka wa mama yake, ambaye ni seremala na hutengeneza fremu kwenye kibanda cha nyuma ya studio. Mjomba ni mweusi tititi, weusi wa kung'aa, na anajivunia. Wakambonyezea Jioni ya Dhahabu.

Lo! Mjomba akageuka tofali. Wakambonyezea Ndoto Laini, akawa majivu.

Wakamwita aje aone. Akaja na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, akainama mbele ya kioo cha kompyuta, akatazama kwa muda.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mjomba."

"Mimi?" Akajinyoosha. "Basi huyo bwana kavaa shati langu. Mwambieni alirudishe."

Wifi akacheka mpaka akashikilia kaunta asianguke. Mama Kesho alikuwa na haki ya kusema nilikwambia, na mdomo alishaufungua. Lakini hakusema. Kulikuwa na kitu amekiona, na kilimpiga moyoni. Jalada lile lilikuwa na picha nyingi za mjomba, kasimama, kakaa, kashika msumeno, na zote, kufumba na kufumbua, zilikuwa zimeharibika. Zimeharibika kwa mkupuo mmoja, kwa namna moja, bila hata moja kusahaulika. Sasa kitu kinachoweza kuharibu upesi namna hiyo, kikifundishwa na mtu mwenye macho, si kitatengeneza upesi vilevile?

"Mjomba, usiende. Kaa kwenye kiti."

"Nina gundi jikoni, mwanangu."

"Gundi itakusubiri. Kaa."

Akampiga picha upya, akafuta manukato yote yale, akaanza mwenyewe kutoka sifuri. Mwanga akaupandisha pale unapoteleza kwenye shavu, weusi akauacha uwe weusi, weupe wa macho akautuliza usiruke. Alichukua muda wake wa kawaida, yaani mrefu, mpaka mjomba akasinzia kitini. Alipomaliza hakuegemea nyuma kutabasamu. Alihifadhi alichofanya, kompyuta ikamuuliza jina la priseti, naye akaandika: Mjomba. Kisha akaibonyezea kwenye jalada zima.

Wajomba wote wakaamka. Kasimama, kakaa, kashika msumeno, wote ni yeye, shati ni lake na uso ni wake.

"Wifi!" Mama Kesho akasema, na sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto aliyeona puto. "Wifi, hebu na wewe kaa!"

Wifi ni maji ya kunde, ana mashavu yanayopokea mwanga vizuri, akapigwa, akatengenezwa, akahifadhiwa kwa jina la Wifi. Mama mkwe wa Mama Kesho, aliyekuwa anapita kwenda sokoni, akakamatwa mlangoni na kikapu chake. Yeye ni mweupe, na uzee umemlainisha ngozi, kwa hiyo anataka mwanga wa pole usiomhesabia mikunjo. Akawa Mama Mkwe. Kuanzia hapo mazungumzo ya studio yakawa ya ajabu, mpita njia angeweza kudhani kuna kikao cha ukoo.

"Huyu dada muweke Mama Mkwe."

"Mama Mkwe amemzidi, angalia, kawa kama anaumwa. Mpe Wifi, halafu mpunguze."

"Na huyu?"

"Huyu ni Mjomba mtupu, hata usiguse."

Mwanamke mmoja aliyekuja kuchukua picha za pasipoti akasimama kaunta amekunja uso. "Jamani, mimi nina watoto wanne, mnaniitaje mjomba?"

Kazi zilizolala miezi zikaanza kuamka. Mteja anaingia amejiandaa kuambiwa kesho, anakabidhiwa bahasha, anabaki ameduwaa nayo mlangoni. Mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna msiba, au kama mama anahama mji. Na Mama Kesho mwenyewe hakuwa yule wa kung'ang'ania kiti. Alikuwa anasimama, anakaa, anasimama tena, anakunywa chai ikiwa bado ya moto, jambo ambalo wifi yake hajawahi kuliona. Kilichomfurahisha zaidi hakikuwa kasi. Alikuwa amegundua kwamba hajaiachia mashine macho yake. Ameyaweka macho yake akiba ndani ya mashine, na yako pale pale, yanamsubiri ayatumie.

Wakaenda chuoni kukagua ukumbi. Madirisha marefu, kuta za rangi ya maziwa, mwanga unaingia umetulia. Wakawapiga wafanya usafi wawili picha za majaribio, wakarekebisha Mjomba, Wifi na Mama Mkwe wakubaliane na ule ukumbi, wakarudi nyumbani wanaimba. Mambo yalikuwa tayari kabisa.

Asubuhi ya mahafali walifika na printa ndani ya toroli la sokoni, imefunikwa kwa kanga kama mtoto. Wakapewa chumba cha kufanyia kazi, stoo ya magodoro, mlango unatazama uwanjani. Mama Kesho akaning'iniza kamera shingoni, akatoka kuelekea ukumbini, akamkuta mkuu wa chuo njiani anakimbiakimbia na viatu mkononi.

"Mama! Wageni wamekuja mara mbili ya tulivyotarajia. Ukumbi hautoshi. Tumehamia nje, chini ya turubai."

Mama Kesho akageuka. Turubai lilikuwa kubwa kama uwanja wa mpira, na lilikuwa la bluu. Si bluu ya kuibiaibia. Bluu ya ndoo ya plastiki. Jua limelipiga juu, na chini yake kila mtu, wazazi, walimu, mgeni rasmi, alikuwa kama ametolewa ziwani sasa hivi.

Alijaribu flashi. Pua ikawa nyeupe, masikio yakabaki bluu. Akarudi stoo kwenye kompyuta, akajaribu kumbonyezea mzazi mmoja Mjomba, mzazi akazidi kuzama.

"Wifi, tumekwisha," wifi akanong'ona.

"Hatujaisha. Angalia uwanjani, wamevaa nini."

Wahitimu walikuwa wamevaa sare zao nyeupe, nyeupe kwelikweli, zimepigwa pasi mpaka zinakata. Na katika kompyuta kuna kijitone cha kunyonyea rangi: unakigusisha kwenye kitu unachojua ni cheupe, unaiambia mashine, hiki ni cheupe, nayo inaondoa rangi yote ya ziada katika picha nzima. Hapa kulikuwa na safu nzima ya vitu vyeupe. Kilichobaki ni kupiga tu. Mama Kesho akapiga moyo konde, akapiga na picha. Jina linaitwa, mhitimu anapanda, anapokea cheti, anatabasamu, kamera inalia. Vigelegele vilikuwa vinapaa mpaka turubai linatikisika. Alipiga mpaka wa mwisho, hakukosa hata mmoja, kisha mgeni rasmi akashika kipaza sauti na karatasi zake, naye akakimbia stoo.

Picha zikaingia. Akachagua ya kwanza, akagusisha kijitone kwenye sare ya binti, akahifadhi, akabonyezea zote.

Wote wawili wakainamia kioo.

Bluu ilikuwa imeondoka, ndiyo. Lakini wahitimu walikuwa wamepata manjano. Mashavu manjano, meno manjano, macho manjano.

"Wifi," wifi akasema taratibu, "hawa ndio wauguzi, au ndio wagonjwa wa ini?"

Mama Kesho akagusisha sare ya mwingine. Manjano ya namna nyingine. Ya mwingine, manjano hafifu. Ya mwingine tena, akawa kama embe. Haikuwezekana. Mwanga ule ule, turubai lile lile, sare zile zile nyeupe. Nje, mgeni rasmi alisema, "Jambo la pili ninalotaka kuligusia," na madereva wa mabasi walikuwa wameshaanza kufuta vioo.

Binti mmoja, mhitimu, akapita mlangoni kwenda kunywa maji. Hapo nje ya turubai jua lilimwangukia sawasawa, na Mama Kesho akaitazama ile sare kama vile hajawahi kuona nguo. Ilikuwa nyeupe, lakini ndani ya weupe kulikuwa na ukungu wa samawati, hasa kwenye mishono.

"Mwanangu! Njoo kidogo. Sare hii umeifua na nini?"

Binti akashtuka, akajitazama. "Ina doa?"

"Haina doa. Umeisuza na nini?"

"Na bluu, mama. Ile ya kufulia. Si ndiyo inang'arisha nguo nyeupe? Tumesuza bwenini jana, kila mtu na beseni lake."

Kila mtu na beseni lake! Mmoja kachovya kidogo, mwingine kamwaga pakiti nzima ili apendeze mbele ya mama yake. Na Mama Kesho, ambaye mashati ya mumewe huyasuza kwa bluu ile ile kila wiki, alikuwa ameiambia kompyuta kwamba bluu ni nyeupe. Mashine ikamtii, ikaongeza manjano kuifuta.

Akajishika kichwa. Akatafuta kwa macho humo stoo kitu cheupe cha kweli. Godoro lina madoa, kuta zina vumbi, vyeti vya kwenye picha vina rangi ya malai, na karatasi za printa nazo zimeng'arishwa kwa bluu kiwandani. Akageuka, na macho yake yakatua kwenye kitu ambacho anakijua rangi yake kuliko kitu chochote duniani, kwa sababu amekaa nacho chumba kimoja miaka yote, asubuhi na mchana, taa ikiwaka na umeme ukikatika.

"Wifi. Twende."

"Wapi?"

"Jukwaani."

"Kufanya nini? Mgeni rasmi anahutubia!"

Alishakamatwa mkono. Wakapita katikati ya wazazi wameinama, samahani, samahani, mpaka pale pale walipokuwa wanasimama wahitimu, mbele ya kadamnasi, hatua chache kutoka kwa mgeni rasmi. Mama Kesho akamgeuza bega, akarudi nyuma, akainua kamera.

Hotuba ikasimama. Mgeni rasmi akashusha miwani, akamtazama yule mwanamke aliyechomoza mbele yake. "Mama, kuna jambo ungependa kusema?"

Wifi, ambaye hajawahi kuishiwa neno, akatikisa kichwa. Kamera ikalia. Umati ukaangua kicheko, mgeni rasmi naye akacheka, na huku nyuma yao hotuba ikaendelea na jambo la tatu.

Stoo, Mama Kesho akamsimamisha wifi mlangoni, nusu hatua nje, kwenye mwanga wa kawaida usio na turubai. Akafungua ile picha. Wifi wa kwenye kompyuta alikuwa bluu. Wifi wa mlangoni alikuwa maji ya kunde.

"Tulia hapo. Usicheke, ukicheka mashavu yanabadilika rangi."

"Kupumua naruhusiwa?"

"Kidogo."

Akavuta rangi upande wa joto, akatazama mlangoni. Imezidi. Akarudisha. Akaongeza wekundu punje moja, akatazama mlangoni. Bado. Macho yanakwenda, yanarudi, kwenye kioo, mlangoni, kwenye kioo, na wifi kasimama wima kama mlingoti, inzi anamtembea puani na hajamfukuza. Mara Mama Kesho akaacha kutazama mlangoni. Hakukuwa na haja. Wawili walikuwa mtu mmoja.

Akahifadhi, akaiita Turubai. Humo aliweka rangi peke yake. Mwanga na vivuli aliwaachia ndugu, yaani Mjomba, Wifi na Mama Mkwe. Akazichagua picha zote za siku ile, akashusha pumzi, akabonyeza.

Zilianza juu kushoto. Picha moja ikapona, na ya pili, na safu nzima, na safu iliyofuata, nyuso zikawa zinaibuka kutoka bluu moja baada ya nyingine kama taa za mtaa zinavyowaka, mpaka chini kabisa. Mama Kesho akapiga ukelele. Yeye, mtu wa kunyamaza, alipiga ukelele mpaka wazazi wa safu ya nyuma wakageuka.

"Washa printa!"

"Imewaka zamani! Gawa ndugu, gawa!"

"Huyu Mjomba. Mjomba. Huyu Wifi. Wifi, Wifi, Mama Mkwe. Mjomba."

Printa ikaanza kutema. Ya kwanza ilikuwa ya binti mrefu mwenye miwani, na hapo Mama Kesho akaona kola yake imekunjika upande mmoja. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kipanya. Akaikuza picha. Kola ile ingehitaji mguso mdogo tu, mdogo kabisa, kisha na kile kivuli cha...

"Kola iache!" Wifi alimpokonya kipanya. "Kola haikuja kuchukua cheti!"

Mama Kesho akaitazama kola. Akaitazama printa. Akaipitisha picha na mkunjo wake, na haikumuua.

Mgeni rasmi alipomaliza na makofi kulia, rundo lilikuwa limeshafika kifuani kwa wifi, naye ameshatoka nalo anaita kwa sauti yake yote, kulipiza ile iliyomkwama jukwaani. "Mama wa yule mrefu mwenye miwani! Baba wa yule aliyejikwaa akipanda! Nani ana pacha hapa? Njooni, njooni!" Watu wakamzunguka kama nyuki. Mikono ilikuwa inanyooshwa, vilio vya furaha, wengine wanabusu karatasi ikiwa bado ya moto. Mama Kesho akawa anakimbia kati ya printa na uwanja, kanga imemshuka begani, mabasi yanapiga honi, basi la kwanza limejaa na limepewa, la pili limejaa na limepewa, na la mwisho limeshawashwa moto wakati printa inatema picha zake. Akazibeba, akalikimbilia, akarukia ndani kwa mlango wa mbele.

"Picha! Picha zenu!"

Akaanza kugawa kwenye ujia, kiti kwa kiti. Kila anayempa anamtazama kwanza mwanawe, kisha anampa jirani aone, jirani anampa wa nyuma, mpaka haijulikani ipi ya nani. "Angalia huyu, jamani, si ni marehemu bibi mtupu!" "Mwanangu rangi yake hii hii." "Nipe, usinikunjie." Alipokuwa anampa wa kiti cha nyuma kabisa, akahisi sakafu inatetemeka kwa namna nyingine. Akainama dirishani. Miti ilikuwa inatembea.

Simu ikalia.

"Wifi, uko wapi? Mkuu yuko hapa anakutafuta."

"Niko kwenye basi."

"Basi gani? Unaenda wapi?"

"Sijui."

Waliosikia wakavunjika mbavu. Simu ikachukuliwa upande wa pili, na sauti ya mkuu wa chuo ikaingia, bado inahema. "Mama, mabasi yote yameondoka. Niambie ukweli. Kuna mzazi aliyekosa?"

Mama Kesho aliinua simu juu, akajishika kwenye kiti asianguke, akauliza basi zima, "Jamani, kuna aliyekosa picha?"

"Hakuna!" Basi likaitika kwa pamoja, na mtu mmoja akaongeza kigelegele.

"Nimewasikia," mkuu akasema. "Basi shuka huko uliko, urudi. Wa mwaka wa kwanza wanaingia wiki ijayo, na wote wanataka vitambulisho."

Konda akagonga bodi, dereva akaanza kupunguza mwendo kwenye njia panda. Mama Kesho alikuwa ameshapiga hatua kuelekea mlangoni pale baba mmoja wa kiti cha dirishani alipomshika mkono. Alikuwa amevaa koti lililopigwa pasi mikunjo ikasimama, na picha ya bintiye ameiegemeza kifuani kwa viganja vyote viwili.

"Mama wa picha, nipige na mimi nikiwa nimeishika hivi."

Akainua kamera. Mapazia ya basi lile yalikuwa mekundu, jua limeyapiga, na kwenye kioo cha kamera yule baba alikuwa mwekundu kama nyanya mbivu, uso, koti, nywele na yote. Mama Kesho akaanza kucheka, akacheka mpaka kamera ikacheza mikononi, baba naye akacheka bila kujua kinachochekwa.

"Tulia hapo hapo, baba," akamwambia, na akabonyeza.